Alichokuwa Akisema Dorani

Mji wetu haukuwa na jina. Hapo kale ulikuwa na majina mawili, moja la watu wa bondeni, ambao ndio sisi, na moja la watu wa nyuma ya mlima. Kila upande ulishindwa kulitamka jina la upande wa pili, ugomvi ukawa mkubwa, na mwishowe kibao cha njia panda kikapakwa rangi nyeupe pande zote mbili. Wageni walikisoma hivyo hivyo kilivyo. Walisimama, wakakitazama kile cheupe, wakaelewa walichoelewa, wakaendelea na safari.

Ukungu uliingia mjini na kutoka kama mtu mwenye ufunguo wake. Ukiwa mzito, watu waliazimana sura. Ungemsalimu jirani yako akakuitikia mtu mwingine kwa sauti ya jirani yako, na wote wawili mngeona aibu ya kuuliza. Siku nazo hazikuwa na adabu. Jumatano iliweza kuja mara mbili mfululizo, Ijumaa ikakosekana kabisa, na hakuna aliyekwenda kuitafuta. Ndiyo maana siwezi kusema nimeishi na Dorani kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipompokea nywele zake zilikuwa nyeusi, na siku ninayotaka kuisimulia zilikuwa na mvi, na katikati hapo palikuwa na asubuhi. Asubuhi nyingi mno.

Mimi naitwa Siwatu. Nashona mito na magodoro ya sufi. Dorani, mume wangu, ni mtu wa nyuma ya mlima, fundi wa mapaa. Lugha yake siijui. Naye yangu haijui. Katikati yetu palikuwa na kalimani.

Kalimani ni kidude cha kuvaa shingoni, kidogo kuliko yai, na kila mtu mjini alikuwa na yake. Mtu wa lugha nyingine akisema, kalimani yako inayadaka maneno yake na kukuletea kwa lugha yako, kwa sauti laini isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Sauti ya mwenyewe unaisikia pia, lakini kwa mbali, inapita chini chini kama mtu anayeongea chumba cha pili. Mwanzoni tulijaribu kujifunza lugha zetu. Haikuwezekana. Nikifungua kinywa niseme neno moja la kwao, kalimani inaliwahi, inalichukua, inalipamba, inampelekea. Dorani hasikii nilichojaribu, anasikia alicholetewa. Kuivua hatukuthubutu. Mtu akiivua kalimani mbele yako, katika mji wetu, alikuwa ameshasema hataki tena kukusikia. Basi tukaacha kujaribu. Tulikuwa tunaelewana, tulitaka nini zaidi?

Nilimjua kwa sababu ya paa. Masika hayo nyumba yangu ilivuja hadi sufi ikaoza magunia mawili, nikaambiwa yupo fundi mgeni. Akaja, akapanda ngazi, akagonga gonga bati kwa kidole, akashuka, akanitazama, akasema jambo. Na kalimani ikaniambia:

"Nyumba yako inalia kwa sababu haijawahi kukumbatiwa."

Nilikuwa mwanamke wa makamo, niliyezoea watu kuniuliza bei ya mto. Nilisimama pale na ndoo mkononi, maji yakidondoka ndani ya ndoo, na nikahisi kitu ndani yangu kikigeuka upande wa pili, kama mtu aliyelala vibaya kwa muda mrefu. Nikamkaribisha chai. Akanywa. Akarudi kesho yake, au siku iliyokuja badala ya kesho, na paa lilipokwisha hakuondoka.

Hayo ndiyo maisha niliyokuwa nayo gari la vipaza sauti lilipopita mtaani kutangaza toleo jipya.

Tangazo lilisema kalimani mpya imefika. Haina maneno ya kubahatisha, inaleta kile kilichosemwa na kuacha kile ambacho hakikusemwa. Ya zamani unaiacha dukani, unapewa mpya, hulipi kitu. Sharti ni moja tu: mpya na ya zamani hazisikilizani. Wanaoishi pamoja wabadilishe pamoja, au wabaki pamoja na za zamani mpaka zitakapozimika zenyewe. Na duka halitakaa sana.

Mji mzima ukaanza kuulizana. Mtu hakuuliza tena habari za watoto, aliuliza: umebadilisha?

Mimi sikubadilisha. Nilijiambia ya kwangu haina ubaya wowote. Nilijiambia vitu vipya vina tabia ya kuja na shida mpya. Lakini usiku ni mrefu, na humo nilijua kuwa sababu yangu si hiyo. Nilikuwa naogopa. Sikujua naogopa nini, na hofu ya namna hiyo ndiyo mbaya, maana huwezi kuifungia mlango.

Nilimuuliza Dorani, tukiwa tumekaa jikoni. "Unaonaje, mume wangu? Tubadilishe?"

Akafikiri. Akasema maneno kama matatu au manne. Kalimani ikaniletea:

"Mimi ni kikombe chako. Mimina unachotaka."

Nikacheka kwa furaha, nikamshika mkono. Naye aliutazama mkono wangu juu ya wake kwa namna ambayo wakati ule niliiita unyenyekevu.

Aliyenisukuma ni Mwatime, jirani yangu, anayeuza maandazi. Mumewe, Tolemi, naye ni wa nyuma ya mlima, mtu wa sura ngumu ambaye maisha yake yote alisema, kwa kadiri Mwatime alivyosikia, kwa masimango ya upole. Walikuwa wamebadilisha. Mwatime alinijia uani asubuhi, unga bado vidoleni, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shoga, kumbe mume wangu mcheshi!"

"Tolemi?"

"Tolemi huyu huyu! Miaka yote anatania, mashine inaniletea eti 'ewe mwenye mikono mizito kama huzuni'. Mimi nalia chumbani. Kumbe anasema maandazi yangu yakimwangukia mbwa, mbwa atafungua kesi." Akajifuta machozi. "Jana tumecheka hadi mama mkwe akadhani tumerogwa. Nenda kabadilishe, Siwatu. Utamjua mumeo."

"Namjua mume wangu."

"Basi utamjua zaidi," akasema, akainuka, akakung'uta gauni, akarudi kwenye karai lake. Nilibaki nimekaa na sindano mkononi. Nilimwonea wivu. Nilikuwa na mume anayesema mimi ni jua na yeye ni dirisha, na bado nilimwonea wivu mwanamke aliyeambiwa maandazi yake yanaweza kumuumiza mbwa.

Maana kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata sijafunga kanga vizuri, Dorani alisimama mlangoni mwa jiko na kusema sentensi moja. Ni ile ile siku zote. Kalimani iliniletea: "Umechomoza, jua langu, na mimi ni dirisha." Chini yake, kwa mbali, sauti yake mwenyewe ilipita: oma teru ni hasal. Niliisikia mara nyingi kiasi kwamba nikaishika, kama mtu anavyoshika dua ya lugha asiyoijua. Nilikuwa nikiisema peke yangu wakati wa kujaza mito. Oma teru ni hasal. Sufi ikipepea, ikinijaa nywele. Oma teru ni hasal. Ilikuwa mali yangu.

Nilikwenda dukani peke yangu. Nilitaka kujaribu tu, nijue kalimani hiyo mpya inaniitaje, kama bado ni jua. Tuseme ukweli: nilikwenda kuongezewa.

Duka lilikuwa chumba cheupe kisicho na rafu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani na hakuna aliyeutoa. Nyuma ya meza alikaa binti mmoja, kwenye kifua cha gauni lake pameandikwa Nusura.

"Karibu, mama. Umekuja kubadilisha?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Sawa kabisa. Uko na mwenzako?"

"Yuko kazini. Lakini maneno yake ninayo."

Hakushangaa. Nadhani walikuwa wamekuja wengi wa aina yangu. Akanipa kalimani mpya, nyepesi, ya baridi, akanionyesha niisogeze karibu na mdomo. "Yaseme kama anavyoyasema yeye. Usiharakishe."

Nikayasema. Oma teru ni hasal. Niliyasema vizuri, kwa kupanda na kushuka kwake kote, na nikafumba macho ili nipokee.

Kalimani ikasema: "Nataka kwenda kwetu."

Nilifumbua macho. Nikamwambia binti mashine yake ina kasoro. Akasema inawezekana nimekosea matamshi, nirudie. Nikarudia. Ikasema: "Nataka kwenda kwetu." Nikarudia kwa kunong'ona, kama Dorani anavyosema akiwa na mafua. Nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka binti akainuka kidogo kwenye kiti. Ilijibu vile vile kila mara, bila hasira na bila huruma, kama kioo kinavyorudisha uso.

"Na ile ya zamani?" nikamuuliza. "Jua ilitoa wapi? Dirisha ilitoa wapi?"

Nusura alivuta pumzi. "Ile ya zamani, mama, ilikuwa na maneno machache sana ya nyuma ya mlima. Ilipofika mahali haijui, ilikuwa inajaza."

"Inajaza kwa kitu gani?"

"Kwa chochote kitakachopendeza." Akatazama meza. "Mwanzoni zilitengenezwa za kusema sijui pale zisipojua. Watu wakazirudisha. Basi zikatengenezwa hizi za kupendeza, na hizo hakuna aliyezirudisha."

Nilimwachia ile mpya mezani. Sikumuaga.

Njiani ukungu ulikuwa mzito. Mwanamume mmoja alikuwa akija mbele yangu na ngazi begani, sikuweza kusema kama ni Dorani au ni mtu yeyote wa nyuma ya mlima mwenye ngazi, na nikasimama pembeni akapita. Hakunitazama. Mpaka leo sijui. Nikajiuliza: huyo ninayemjua ni nani? Mtu anayesema mimi ni dirisha hayupo. Hajawahi kuzaliwa. Nimelala naye, nimempikia, nimemfulia, nimemlilia alipougua homa, naye hayupo. Na huyu aliyepo, anayekula chakula cha yule, anayelala upande wa yule, aliyezeekea ndani ya nguo za yule, huyu ni nani, na amekuwa akiongea na nani muda wote huu? Nilikuwa nimeolewa na makosa ya kidude. Nilikuwa nimeyapenda. Na hata pale barabarani, nikiwa nimeshajua, bado niliyapenda.

Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa jiko. Oma teru ni hasal.

"Umechomoza, jua langu, na mimi ni dirisha," ikasema kalimani yangu ya zamani.

Nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote: "Kunywa chai kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa, akanywa.

Sasa niseme jambo ambalo nimelifikiria sana. Anayejua ana nguvu juu ya asiyejua, hilo kila mtu analisema. Lakini nguvu hiyo haina uzito wowote mkononi, ndiyo hatari yake. Sikumpiga Dorani. Sikumfungia. Nilimkaangia yai. Nilimwekea sukari. Kila asubuhi alikuja kuniomba kwenda kwao, nami nikamkaribisha chai, na kila jioni nilijiambia kesho nitalisema, na kesho katika mji wetu ilikuwa kitu ambacho hakina hakika ya kuja. Nilifurahi Jumatano iliporudia. Nilifurahi Ijumaa iliporukwa. Nilisikia kwamba duka linajiandaa kufungwa, nikafurahi pia, halafu nikaichukia furaha hiyo, halafu nikaendelea nayo. Ningeweza kubaki hivyo. Nani angejua? Kalimani ya zamani ingezimika siku moja, sisi tukiwa wazee, na kimya cha wazee hakimshangazi mtu.

Nini kingeharibika? Mtu mmoja tu.

Na je, si alikuwa ameshaharibika?

Na je, mimi?

Kilichonishinda ni kichwa chake. Asubuhi moja sikumtazama usoni baada ya kumjibu, nilitazama namna anavyoitikia. Nilikuwa nimeiona mara nyingi mno bila kuiona. Haikuwa ishara ya mtu aliyekaribishwa chai. Alishusha kichwa polepole, akakiacha chini kidogo, kisha akakiinua akiwa ameshakubali. Hivyo ndivyo mtu anavyoitikia akiambiwa bado. Na viatu vilikuwa miguuni. Dorani huvaa viatu vya kazi baada ya chai, kwa sababu vinambana. Lakini ile sentensi aliisema siku zote akiwa ameshavivaa, na akishaitikia kwa kichwa alikuwa akivivua, anakaa peku, anakunywa, ndipo anavivaa tena kwenda kazini. Miaka yote nilidhani ni mazoea ya kwao.

Niliweka birika chini. Ndani ya nyumba ile palikuwa na mtu anayeishi na mashine, na mtu mwingine anayeishi na mashine, na birika.

"Dorani," nikasema, "nipe kalimani yako."

Sijui alisikia nini. Huenda alisikia naomba nyota za shingo yako. Lakini nilikuwa nimenyoosha mkono, na mkono wangu mwingine ulikuwa ukivua ya kwangu. Alinitazama. Nimesema mtu akivua kalimani mbele yako maana yake nini. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira. Ukawa kama uso wa mtu aliyeketi muda mrefu mahali pa kusubiria na hatimaye akasikia pakitajwa mahali anapokwenda. Akaivua ya kwake akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa na joto.

Tukaenda dukani tukiwa shingo tupu. Watu walitupisha. Hatukuwa na neno hata moja la kuambiana, na ukimya wetu haukuwa wa watu wawili waliokasirikiana wala wa wanaopendana. Ulikuwa ukimya wa watu wanaotembea upande mmoja. Nilisikia akipumua. Nilisikia kiatu cha kulia kikilalamika. Alikuwa akichechemea kidogo, jambo ambalo sikulijua.

Nusura alikuwa akipanga vitu kwenye maboksi. Alituona, akazichukua zile za zamani na kuzitupia ndani ya gunia. Zilianguka zikigongana, na moja yao, sijui yangu au yake, ilitoa sauti ndogo, neno la nusu, ikazimika. Akatuvalisha mpya.

Nje ya duka palikuwa na safu ya matofali yaliyoachwa na mafundi. Tukakaa, yeye mwisho mmoja na mimi mwisho wa pili.

"Unanisikia?" nikauliza.

"Nakusikia." Akasikiliza kidogo, kama mtu anayeonja. "Unasema maneno machache."

"Zamani nilikuwa nasemaje?"

"Ulikuwa unasema kama redio ya sikukuu."

Nikacheka. Sikukusudia. Yeye hakucheka, hakuwa anatania, alikuwa anaeleza.

"Mguu wako una nini?" nikauliza.

"Goti. Nilianguka kutoka paa la msikiti. Nilikuambia."

"Nilisikia umepiga magoti kwa ajili yangu."

Akanitazama ili aone kama ninasema kweli. Nilikuwa ninasema kweli. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kutoka chini, ukaacha miguu ya watu ikipita peke yake barabarani.

"Dorani. Kila asubuhi unaniambia unataka kwenda kwenu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa sisikii hivyo."

"Ulikuwa unasikia nini?"

Ilinibidi nimwambie. Hakuna aibu iliyowahi kunishika kama ile, kumwambia mume wangu mwenyewe maneno ambayo nilidhani ameniambia. Nikayasema nikitazama chini: jua, kuchomoza, dirisha.

"Dirisha?"

"Dirisha."

"Mimi neno dirisha nimelisema maishani mwangu nikiwa nalitengeneza tu," akasema Dorani. Kisha akaongeza: "Na ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi."

"Niliona. Nikashangaa. Nakwambia nataka kuondoka, unatabasamu. Nikadhani ndivyo wanawake wa bondeni wanavyoumia."

Nikamuuliza: "Na mimi nikikujibu, ulisikia nini?"

"'Bado kidogo, mpenzi. Nivumilie.'"

"Nilikuwa nasema kunywa chai kwanza."

Akaitazama mikono yake, ile yenye makovu ya bati, akaigeuza, akaigeuza tena. "Basi nikavumilia," akasema.

Nilimuuliza kwa nini hakuondoka tu. Mlango haukuwa na kufuli, nilimwambia, na njia ya mlima unaiona ukiwa jikoni. Alinijibu taratibu, na kalimani mpya ikanifuatishia kwa mwendo ule ule, ikisimama alipokuwa anasimama. Alisema kwao mtu aliyepokewa ndani ya nyumba haondoki bila ruhusa ya aliyempokea. Akiondoka bila ruhusa anaitwa mwizi, kwa sababu ameiba mtu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Alisema alipokuja mjini kwetu alikuja kwa masika moja, kufanya kazi na kurudi. Mama yake alimshikia mlango asipate shida na ngazi. Naye akamwambia: mama, narudi. "Ni neno la kawaida tu," akasema, "mtu analisema akitoka." Sasa hajui kama mama yu hai. Hajui kama mlango upo.

Kwa hiyo nilikuwa mfalme. Hapo ndipo nilipoelewa, nimekaa juu ya matofali. Nimetawala mtu mmoja, nchi yenye jiko na chumba, na sikuwahi kutoa amri. Watawala wakubwa huenda nao wako hivi. Huenda wameketi mahali wakisikia nyimbo, na chini ya nyimbo, kwa mbali, watu wanawaambia jambo moja kila asubuhi. Sisemi hivyo ili nijitetee.

"Nyumba yangu," nikasema, "ile siku ya kwanza. Uliposhuka kwenye ngazi. Ulisema nini?"

Alijaribu kukumbuka. Alijaribu kweli, uso ukajikunja. "Nadhani nilisema misumari imelegea."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulinipenda?" nikauliza. Sikuwa na haki ya kuuliza, lakini nilikuwa nimepata kidude kisichodanganya, na mtu akipata kitu kama hicho hawezi kujizuia.

Dorani hakujibu upesi, na nilimshukuru kwa hilo. "Chai yako naipenda," akasema. "Mikono yako ikiwa na sufi, naipenda kuitazama. Ulipokuwa unaimba uani kitu nisichokielewa, nilikuwa nakaa juu ya paa muda zaidi. Lakini wewe..." Akaonyesha kwa kidole nafasi iliyokuwa kati yetu juu ya matofali. "Wewe sikukujua, Siwatu. Nimekaa na mwanamke mwingine. Aliongea vizuri, na alinizuia."

Alikuwa amelitaja jina langu. Kalimani haikuligusa, lilitoka kinywani mwake likanifikia likiwa zima, limepinda kidogo mwisho kwa ulimi wa kwao.

"Nenda," nikasema.

Akageuka.

"Nakuruhusu. Nenda kwenu."

Nilimwona akisikiliza mpaka kalimani ilipomaliza, kisha akiendelea kusikiliza, akingoja kile ambacho siku zote kilifuata, lile pambo, lile bado kidogo. Hakikuja. Akainama, akashika uso wake kwa mikono yote miwili, mabega yakamtetemeka. Sikumgusa. Sikujua kama mtu huyu hupenda kuguswa akiwa analia, na sikutaka tena kubahatisha.

Tulikaa siku kadhaa baada ya hapo, kwa sababu alitaka kumalizia paa la watu aliokwisha kuchukua kazi yao. Zilikuwa siku za ajabu, na nadhani zilifuatana. Aliniambia maharage yangu yana chumvi nyingi. Nilimwambia anakoroma. Aliniuliza sufi inatoka kwenye mti wa namna gani, nikamweleza, akauliza tena, nikamweleza tena, tukawa tumepata mazungumzo ya kujaza mchana mzima. Mtu huyu alikuwa mkavu, mkweli, asiye na haraka. Huenda ningempenda. Nililifikiria hilo nikimkunjia shati, huenda ningempenda, kisha nikaendelea kukunja, kwa sababu mtu hafungui mlango kisha akasimama katikati yake.

Siku ya kuondoka ilikuwa nyeupe na wazi. Nilimsindikiza mpaka mahali ambapo lami inaisha na njia ya mlima inaanza. Alikuwa na ngazi, na begi la vifaa, na chakula nilichomfungia. Nilisubiri aseme twende wote. Niseme ukweli, nilisubiri. Nilikuwa nimeshajua nitajibu nini, na nani nitamwachia cherehani. Hakusema.

"Utarudi?" nikauliza.

Alishusha ngazi akaiegemeza begani upya. Alitazama mlima, akatazama mji wetu usio na jina, akanitazama mimi. Aliweka mkono kifuani juu ya kalimani, na nadhani alikuwa akihakikisha kwamba haitaongeza kitu.

"Sijui," akasema.

Kalimani ikaniambia: sijui.

Nikangoja nione kama kuna kingine nyuma yake. Hakikuwepo. Lilikuwa neno dogo, gumu, alilolibeba mwenyewe mpaka kwangu na kuniwekea mkononi.

"Sawa," nikasema, naye akasikia sawa.

Akapanda. Alikwenda akichechemea, ngazi ikigonga gonga begi, na hakuna ukungu uliomficha, kwa hiyo nilimwona kwa muda mrefu, mpaka akawa mdogo kiasi kwamba nilikuwa naona ngazi tu. Kisha nikarudi. Nyumba ilikuwa tupu kama ilivyokuwa tupu siku zote, ila sasa nilijua ni nani aliyekosekana ndani yake.